Jengo Lililozeeshwa kwa Kompyuta

Kwa miaka mingi nilitengeneza fremu za picha katika chumba cha chini cha jengo la mawe, upande wa chini wa Moi Avenue, pale ambapo mji unaacha kujipodoa na kuanza kufanya kazi. Jengo lilikuwa zee kweli. Mawe yake yalikuwa meusi kwa moshi wa magari, mlango wa mbele ulikuwa umevimba na haufungiki bila teke, na juu, mbele ya ghorofa ya kwanza, kulikuwa na roshani ya mbao iliyotokeza juu ya njia ya miguu. Watu wengi mjini wanaiita balkoni. Mvua ikinyesha, wapita njia walijibanza chini yake mbele ya mlango wangu, na wengine waliniuliza bei ya fremu ambazo hawakuwa na nia ya kununua, kwa adabu tu ya kusimama hapo.

Juu alikuwa jirani yangu, mama mmoja wa Kikamba aliyeshona sare za shule. Roshani ile ilikuwa kamba yake, dirisha lake la duka na mahali pake pa kunywea chai. Alitundika humo sweta za kijani, sketi za buluu na vile vikaptula vya kijivu vya watoto wa nasari. Ukitazama kutoka ng'ambo ya barabara, ungedhani jengo lenyewe linajiandaa kwenda shule.

Ndipo akaja mpiga picha.

Hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamume wa thelathini na kitu, ndevu zimepakwa mafuta zikang'aa, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Alijiita msanii wa kumbukumbu. Mara ya kwanza niliposikia maneno hayo nilidhani anapiga picha za matanga.

"Sasa, auntie," alisema. "Nataka fremu ikae kama imetoka kwa nyanya."

"Nyanya gani?"

"Nyanya yeyote. Fremu yenye imechapwa na maisha."

Nilimwonyesha mbao nilizokuwa nazo. Nilikuwa nimezipiga randa siku hiyo hiyo, zikawa laini kama shavu. Alizipapasa kwa huzuni, kama mtu aliyeletewa chakula kisichoiva. Akaniuliza kama ninaweza kuzipiga kwa mnyororo, kisha nizimwagie chai nzito, kisha niziache nje zinyeshewe. Nilimwambia kazi yangu ni kutengeneza fremu. Akitaka kuzitesa, atazitesa mwenyewe. Nilidhani nimemaliza mambo. Siku alipokuja kuzichukua alikuwa na mnyororo wa baiskeli ndani ya mkoba, akachuchumaa kwenye kizingiti changu na kuzichapa fremu mpya mbele ya watu wote. Jirani yangu alichungulia kutoka juu akaniuliza huyo mtu amekosana na nani.

Baadaye nikaona picha zenyewe. Aliweka kompyuta yake juu ya meza yangu, akahamisha kioo changu bila kuomba, akanionyesha namna anavyofanya. Alitembea mjini asubuhi akipiga picha za majengo ya mawe. Kisha akakaa kwenye mashine na kuanza kuyafuta maisha yaliyokuwa juu yake. Nyaya za stima zilitoka. Kibao cha daktari wa meno kilitoka. Mama wa mayai ya kuchemsha alitoka pamoja na ndoo yake, na mahali alipokaa pakabaki lami safi. Baada ya hapo akaikamua picha rangi zake zote na kuichovya katika kahawia, ile kahawia ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Akaipa mikunjo, ingawa karatasi yake haikuwahi kukunjwa. Akaiwekea doa la maji. Akaichoma kona moja kwa moto wa kompyuta. Mwisho akaandika mwaka pembeni, kwa mwandiko mweupe wa kulala, mwaka ambao babu yake mwenyewe bado hakuwa amezaliwa.

"Si unaona venye inakaa?" aliuliza. "Hii sasa iko na roho."

Mimi nimeshika picha nzee nyingi kuliko yeye. Watu waliniletea picha za wazazi wao zitiwe fremu, nami nilizifungua kwenye meza ile ile. Mama yangu mzazi ana picha yake moja ya usichana, aliyopigwa studio ya mji mdogo karibu na kwetu huko magharibi. Amevaa gauni la kuazima, nywele zimechanwa zikasimama, viatu vimepakwa rangi. Picha ile ni nyeusi na nyeupe, safi hadi unaona uzi kwenye kola. Ameiweka ndani ya plastiki, katikati ya Biblia, na akikuonyesha hakubali uishike kwa vidole vya mafuta. Watu wa zamani hawakuwa wa rangi ya chai. Walipokwenda kupigwa picha walitaka waonekane wapya, na waliobaki na picha hizo wamezilinda zisipate hata kovu moja. Huyu bwana alikuwa anatengeneza uzembe ambao wazee wetu hawakuwa nao, kisha anawauzia wajukuu zao kama urithi.

Lakini nilitia fremu. Alikuwa mteja kama wateja wengine, na mimi sina mazoea ya kuwahubiria wateja.

Siku moja alinifungulia picha ya jengo letu. Nililitambua kwa tao la juu ya mlango. Alikuwa ameweka gari la kizamani mbele, lile la magurudumu membamba, na mlango wangu uliovimba ulikuwa umenyooka. Kitu kingine kilikuwa hakipo, ikanichukua muda kujua ni nini. Ukuta wa juu ulikuwa mtupu.

"Roshani iko wapi?"

"Ile balkoni? Nilitoa."

"Kwa nini?"

"Zile nguo zilikuwa zinaniharibia, auntie. Sweta moja moja ni kazi mingi. Nikaona heri nitoe kitu yote."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi alivyokata kucha. Kitu pekee katika jengo lile ambacho kilikuwa cha kale waziwazi, ambacho hata mgeni angekitazama na kujua kwamba watu wa enzi nyingine walikaa hapo, ndicho alichokitupa ili jengo lionekane la kale. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema mimi ni msumbufu kama mamake.

Picha zile zilionyeshwa huko Kitisuru, mtaa wa matajiri, kwenye bustani ya mkahawa mmoja ambao una miti mingi kuliko wateja. Nilienda na fremu kwenye gari la kukodi kwa sababu sikumwamini na vioo vyangu. Nilizitundika mwenyewe. Kisha nikasimama kando karibu na meza ya juisi, nikawasikiliza wanunuzi.

Bibi mmoja mwenye shanga kubwa alisogeza pua karibu na picha ya jengo la posta akasema ananusa wakati ule. Kama alinusa kitu, alinusa vanishi yangu. Mwanamume mmoja alimwambia mkewe kwamba anaikumbuka barabara ile vizuri, enzi ilipokuwa tulivu hivyo, kabla ya hawa watu wote. Alinyoosha mkono akionyesha lami tupu, mahali alipofutwa mama wa mayai. Mkewe alitikisa kichwa kwa uchungu. Nikajiuliza anamlilia nani, maana mama wa mayai alikuwa mzima na siku hiyo hiyo niliongea naye.

Hakuna aliyeuliza picha zimetoka wapi. Walizitaka kahawia nao wakapewa kahawia. Picha ya jengo letu ilichukuliwa na mwanamume mnene kiasi, mpole, aliyevaa koti la kitani. Aliitazama muda mrefu, akaita watu waje waione, akashikana mikono na mpiga picha kwa mikono yote miwili. Sikumjua. Kodi yetu ilikusanywa na wakala, na wakala ndiye tuliyemfahamu kama mwenye nyumba, kwa ukali wake.

Baada ya majuma machache mwanamume yule alisimama mlangoni kwangu. Picha ilikuwa kwapani, ndani ya fremu niliyoitengeneza mimi, ikachapwa kwa mnyororo. Nyuma yake walikuwa mafundi wawili na ngazi. Alijitambulisha kwa upole kwamba jengo ni lake, aliachiwa na marehemu babake, na kwamba alikuwa amelipuuza, jambo ambalo lilimtia aibu.

"Nataka kulirudisha vile lilikuwa," alisema. "Kabla watu hawajaanza kuongeza vitu."

"Vitu gani, bosi?"

Akaelekeza kidole juu. "Hiyo kitu ya mbao."

Niliweka gundi chini. Nilimweleza, polepole, nikidhani jambo lenyewe ni rahisi. Nilimwambia picha ile ilipigwa mwaka huu huu. Nilimwambia naijua kompyuta iliyoitengeneza, iliwekwa juu ya meza hii hapa. Roshani iliondolewa kwa sababu ya sweta za watoto.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama watu wa heshima wanavyomsikiliza mtu ambaye wameshaamua hajui kitu. Kisha akaigeuza picha nione.

"Mama, angalia hii mikunjo. Angalia hapa imeungua. Hii si kitu ya juzi."

"Ni mimi nimetia hiyo fremu. Nipe nikufungulie nyuma. Utaona karatasi ni mpya, nyeupe pe, na utepe ni huu wangu wa gundi."

Nilinyoosha mkono. Akairudisha kifuani haraka, kama mtu anayemkinga mtoto.

"Hapana, hapana. Utaharibu. Vitu kama hizi zikifunguliwa zinapata hewa."

Jirani yangu alikuwa ameshuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimsalimu mwenye jengo kwa heshima zote, akamuuliza kama anajua mbao za roshani zimeingia ndani ya ukuta kiasi gani. Alimwambia alipoingia humo akiwa msichana wa kushona vifungo, tajiri wake alimwambia hata yeye aliikuta. Akamuuliza ni mpangaji yupi angejenga roshani nzima kwenye jengo la mtu.

"Watu hufanya mambo," alisema mwenye jengo.

"Na nguo nitatundika wapi?"

Alitabasamu kwa huruma. Akasema hilo ndilo jambo lenyewe, kwamba mji umekosa sura kwa sababu kila mtu anatundika. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya. Alikuwa na pesa, alikuwa na nia njema, na alikuwa na picha, na mtu mwenye vitu hivyo vitatu huwezi kumwambia lolote.

Aliahirisha kazi hadi wiki iliyofuata kwa sababu mafundi walihitaji mashine. Jumapili, baada ya kanisa, nilitoka kwangu Riruta nikaenda mtaa wa Jamhuri, ambako mpiga picha aliishi kwa mamake. Nilimkuta sebuleni akila wali. Mamake alinikaribisha vizuri, akaniletea soda, akakaa nasi. Ukutani kwao kulikuwa na picha za mahafali zenye rangi zote za dunia.

Nilimweleza mpiga picha yaliyotokea. Alifurahi kwanza, kwa sababu kazi yake imemgusa mtu. Ilibidi nirudie.

"Piga simu tu," nilisema. "Mwambie uliitoa kwa kompyuta. Maneno machache."

Aliacha kijiko. "Auntie, nikisema hivyo nimejimaliza. Wale watu wote walinunua. Wataniona conman."

"Wewe unajiona nani?"

"Msanii."

"Basi mwambie msanii alitoa balkoni."

Mamake aliuliza balkoni ni ya nani. Nilipomweleza, alimgeukia mwanawe akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Akajibu kwamba ni kweli lakini si hivyo. Mamake alichukua sahani, ingawa wali haujaisha, akaenda nayo jikoni.

Mwishowe alikubali kuandika ujumbe. Aliuandika mbele yangu, akaufuta, akauandika tena, akajikuna ndevu. Nilipousoma ulikuwa umejaa Kiingereza. Ulisema kwamba kila picha ni tafsiri, kwamba yaliyopita ni mazungumzo, na kwamba anamshukuru kwa kuunga mkono sanaa. Kuhusu roshani hapakuwa na hata nusu ya neno. Aliutuma kabla sijamzuia. Jibu lilirudi tukiwa bado tumekaa hapo: kidole gumba kimesimama.

"Si unaona," alisema. "Ameelewa."

Niliondoka. Mamake alinisindikiza hadi getini, na hapo akaniomba radhi kwa niaba yake. Nilimwambia si kazi yake kuomba.

Waliibomoa Jumanne. Wale mafundi walikuwa watu wa kwetu magharibi, tukazungumza kwa lugha yetu, wakaniambia hawajaona mbao kama zile. Msumeno ulilia hadi ukakwama. Chini ya rangi, mbao zilikuwa nyekundu na nzito, zimeshikana kwa vigingi bila msumari. Mmoja wao alishuka akaniuliza kama mwenye jengo anajua anachokitupa. Nikamwambia ana picha. Alisubiri nimalizie sentensi, kisha akapanda ngazi tena.

Mihimili ilipochomolewa iliacha mashimo ukutani makubwa ya kuingia mkono hadi kiwiko. Yakazibwa kwa saruji. Saruji ikawa mpya mno, ikang'aa kama meno ya bandia, kwa hiyo mwenye jengo akaleta mtu wa kuipaka rangi ya kahawia na kuipiga madoa kwa sponji ili ionekane ya kale. Nilikaa mlangoni nikamtazama yule bwana akipiga madoa. Alikuwa makini sana. Kila baada ya doa alirudi nyuma, akatazama ile picha iliyoegemezwa kwenye ndoo, akaongeza lingine.

Mvua za vuli zilipokuja, maji hayakuwa na pa kuangukia. Yaliteremka ukutani moja kwa moja yakaingia juu kwa jirani yangu, yakalowesha majora mawili ya kitambaa. Wapita njia walijibanza mlangoni kwangu hata nikashindwa kupitisha vioo. Jirani alimwandikia wakala, wakala akasema suala liko kwa mwenye jengo, na mwenye jengo akatutumia kadi ya mwaliko.

Ilikuwa ya sherehe ya kulirudisha jengo. Waliweka zulia kwenye njia ya miguu, wakawaomba wachuuzi wasogee kwa jioni moja. Mpiga picha alikuja na kofia yake. Alisimama ng'ambo ya barabara akapiga picha, akaitazama kwenye kioo cha kamera, na nikamsikia akimwambia mtu kwamba hii sasa haihitaji kazi mingi. Alikuja kunisalimia. Aliniuliza kama kuna kipande cha zile mbao nyekundu kilichobaki, kwa sababu angependa fremu ya mbao nzee halisi kwa picha ya leo. Alikuwa na uso mkavu kabisa, hakuwa akinitania.

"Zilienda na lori," nilimwambia. "Kapige zingine na mnyororo."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyoongea naye. Nasikia anaendelea vizuri. Anafundisha watu.

Jirani yangu hakumaliza mwaka pale. Alipata chumba Riruta, karibu na barabara ya Naivasha, kwenye jengo la vigae ambalo halijifanyi chochote, nami nikamfuata baada ya kodi ya mjini kupandishwa kwa sababu tulikuwa sasa tunaishi ndani ya historia. Tumeachana milango miwili tu. Kazi ipo. Watu wa huku huleta picha za harusi, za ubatizo, za marehemu, na wanaomba kitu kimoja tu, kwamba sura ionekane.

Nilirudi mjini mara moja kununua vioo, nikapita pale. Chumba changu kimekuwa mahali pa kunywea chai. Mlango umerekebishwa, unafungika kwa kidole. Niliketi mahali palipokuwa na meza yangu, nikaagiza, na mhudumu, msichana mchangamfu mwenye aproni ya kahawia, akaniletea chai, akanieleza historia ya jengo bila kuulizwa. Aliniambia wajenzi wa zamani walipenda kuta zilizonyooka, zisizo na makorokoro, na kwamba wapangaji waliokuja baadaye walikuwa wameliharibu kwa vibanda vya mbao, hadi mwenyewe akaliokoa. Alikuwa amekariri vizuri, hakukosea hata neno.

Nikamwambia chai yake ni baridi, akaenda kunibadilishia.